Majirani Waliokula, Kisha Wakanyamaza

Siku hizi uponyaji umehamia kwenye simu. Unaamka asubuhi, unafungua WhatsApp, unakuta picha ya mwanamke mweusi kafumba macho juani, na chini yake maandishi: jipende, kata mguu kwa wanaokuumiza, pona. Mara nyingi pamebandikwa na jina la Toni Morrison, mwandishi wa riwaya Mweusi wa Marekani, au la mwandishi mwenzake, awe aliyasema au hakuyasema. Siwalaumu wanaozituma, kuna asubuhi ambazo hata mimi nimezihitaji. Ila ukienda kwenye riwaya zenyewe unakuta habari nyingine. Humo hakuna anayepona kwa kujifungia chumbani, na wanaokuja kumponya mtu mara nyingi ni walewale waliomwacha aumie.

Hilo la pili ndilo tunalolisahau, hata sisi tunaozipenda riwaya hizi. Tunapenda kusema kwamba wanawake Weusi wa Marekani wameandika juu ya jamii, na neno jamii tukilitamka linatoka na harufu ya ubani, kana kwamba jamii ni bibi mmoja mpole mwenye kanga anayekungoja mlangoni. Waandishi wenyewe hawakuwa na ndoto hiyo. Waliwajua majirani.

Nianze na kitabu kigumu kuliko vyote, The Salt Eaters cha Toni Cade Bambara, kilichotoka mwaka 1980. Velma Henry ni mwanaharakati wa mji wa kubuni wa Claybourne, jimbo la Georgia. Amekata mishipa ya mikono na kutia kichwa kwenye jiko la gesi, akawahiwa. Sasa kaketishwa kwenye kigoda ndani ya zahanati ya watu Weusi ambamo dawa za hospitali na za asili zinakaa nyumba moja. Mbele yake yuko mganga, bibi mmoja mwenye mashali na vikuku, Minnie Ransom, anayezungumza na marehemu mmoja asiyeonekana na wengine kama unavyozungumza na shoga yako wa miaka mingi. Watu wamejaa: wagonjwa, madaktari wageni waliokuja kutazama, na duara la watu kumi na wawili wanaomsaidia mganga. Na jambo la kwanza kabisa Velma analoulizwa, katika mstari wa kwanza wa riwaya, ni kama ana hakika kwamba anataka kuwa mzima.

Hapa msomaji wa Kiswahili kapewa zawadi asiyoiomba. Mzima kwetu ni asiye mgonjwa. Mzima pia ni asiyekufa. Sahani nzima ni ile isiyopasuka, na mtu mzima ni yule aliyekwisha kua, anayepaswa kubeba mambo yake. Kiingereza kinahitaji maneno matatu au manne kufika hapo, na Bambara anatumia riwaya yote kuyashona pamoja. Sisi tumeyapata yameshonwa. Tunayatamka kila siku tukiulizana hali na hatusikii uzito wake. Minnie anamwonya Velma kwamba uzima ni mzigo. Mgonjwa anahudumiwa, ilhali mzima anadaiwa. Kwa hiyo swali lile si la adabu tu. Kuna watu ambao, ukiwauliza hivyo kwa dhati, wangeomba siku mbili tatu wafikirie.

Halafu kile kigoda. Aliyekulia pwani anajua kwamba katika ngoma za pepo mtu aliyepandwa huitwa kiti. Fundi anaongoza, wateja wanaitikia, ngoma inapigwa usiku baada ya usiku mpaka aliyekikalia kiti aseme jina lake na ataje anachotaka. Sizipigii debe ngoma hizo. Bibi yangu alizikataza nyumbani kwake, na matapeli humo hawakosekani. Nazungumzia umbo lake. Mgonjwa yuko katikati, watu wamemzunguka, na ugonjwa wenyewe una jina na una madai. Bambara hakulitoa umbo hilo Tanga wala Mombasa. Alilitoa kwa waganga wa Kusini mwa Marekani, ambao mizizi yao ilivuka bahari nyingine. Lakini msomaji wa huku anaingia katika riwaya hiyo kwa mlango ambao mhakiki wa New York inambidi kwanza ausome katika vitabu vya wanaanthropolojia.

Sasa aliyemkalia Velma anataka nini? Ukifuata kumbukumbu zake unaona ni harakati zenyewe. Ni miaka ya maandamano na mikutano ambapo wanawake walipika, walitafuta mahali pa kulala wageni, walipiga chapa barua, wakatembea hadi miguu ikavimba, kisha wanaume wakashuka kwenye magari makubwa kuja kuhutubia. Ni kiwanda cha kemikali kinachowalisha watu wa mji na kuwatilia sumu kwa mkono uleule. Velma kaugua ugonjwa wa Claybourne. Ndiyo maana Bambara anauacha ule mkono wa mganga juu ya bega lake kwa kurasa nyingi na kutuzungusha mjini kote, mpaka ndani ya kichwa cha dereva wa basi. Nakiri kitabu hiki nilikiweka chini mara mbili. Mwandishi anadai mengi kwa msomaji, pengine mno, na kuna kurasa ambazo hata sasa siwezi kusema kwa yakini ni nani anayefikiri. Lakini nilipokimaliza nilielewa kwa nini hakuweza kubaki chumbani na mwanamke mmoja.

Riwaya ya pili ndiyo inayotajwa zaidi na kusomwa kwa haraka zaidi. Beloved ya Toni Morrison ilitoka 1987, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Chanzo chake ni tukio la kweli: Januari 1856 Margaret Garner alitoroka utumwani Kentucky, akavuka mto Ohio ulioganda hadi Cincinnati, na wakamataji walipoizingira nyumba alimuua bintiye kuliko kumwona akirudishwa. Mahakama ilimrudisha utumwani. Kutokana na habari hiyo Morrison alimuumba Sethe, nyumba namba 124 ya barabara ya Bluestone, na mzimu wa mtoto unaorudi ukiwa na mwili wa msichana mzima.

Yale maneno mazuri ya kwenye simu, ya kuipenda mikono yako, shingo yako, ini lako, yanatokana na Baby Suggs, mkwe wa Sethe. Mwanaye alimnunulia uhuru kwa kuuza siku zake za mapumziko. Alipokuwa huru akaambiwa kwamba karatasi ya kuuziwa ilimwita Jenny Whitlow. Akalikataa. Akashika Suggs, jina la mume, na Baby, alivyokuwa akiitwa na mume huyo, kwa sababu huyo mume akitafuta habari zake siku moja atamtafutaje kwa jina lililomo kwenye risiti? Mwanamke huyu aliwakusanya watu Weusi wa Cincinnati msituni, watoto wakacheka, wanaume wakacheza, wanawake wakalia, kisha mambo yakachanganyika, wanaume wakalia na wanawake wakacheza. Hapo ndipo alipowaambia waipende miili yao, maana huko nje hakuna anayeipenda.

Maandishi ya kwenye simu yanaishia hapo. Riwaya haikuishia hapo.

Sethe anafika kwa mkwewe akiwa hoi, na wiki chache baadaye jirani mmoja, Stamp Paid, analeta ndoo mbili za matunda ya porini. Baby Suggs anasema tupike viandazi. Viandazi vinazaa kuku, kuku wanazaa samaki, mpaka jioni watu tisini wamekula na kusaza. Kesho yake wanaamka na hasira. Matumbo yamewajaa gesi, wanakunywa magadi, na wanaulizana huyu bibi anajiona nani. Karamu ya namna hiyo kaitoa wapi? Kwa nini kila kitu kizuri kiko kwake? Yesu ndiye aliyegawa mikate na samaki, yeye ni nani?

Nani katika sisi hajawahi kusikia mazungumzo haya? Shughuli imefana, pilau limetosha mpaka la kubeba, na wageni hawajafika hata barabarani wameshaanza: wamezidi, wanajionyesha, hela hizo wamepata wapi. Morrison hakumpa adui silaha yoyote mpya. Alichukua kijicho, kitu kidogo cha kila siku, akakiweka mahali ambapo kitaua. Maana siku hiyohiyo wanatokea wapanda farasi wanne, bwana wa zamani na wenzake, wanaokuja kumchukua Sethe na wanawe. Kwa kawaida mtu angekimbia njia ya mkato kutoa habari. Walikuwa wanafanyiana hivyo. Safari hii hakuna aliyekimbia. Hawakusema uongo, hawakumwelekeza mkamataji nyumba. Walinyamaza tu. Sethe alikuwa ameonja siku ishirini na nane za uhuru. Akawaingiza watoto bandani.

Baada ya hapo Baby Suggs haendi tena msituni. Analala kitandani mpaka kufa, akitafakari rangi, buluu, njano, vitu visivyodhuru mtu. Mwalimu wa kujipenda alivunjika, na aliyemvunja hakuwa mzungu peke yake. Nilipokuwa kijana niliisoma sehemu hii mbiombio nikitaka kufika kwenye mzimu. Sasa naona kwamba riwaya yote imening'inia hapo. Ukilikata fundisho la mwili ukaliacha lile la majirani, umemtendea Baby Suggs alichotendewa asubuhi ile: umekula, umenyamaza.

Inapita miaka kumi na minane. Majirani hawaingii 124. Katika mazishi ya Baby Suggs hawakukigusa chakula cha Sethe, naye hakukigusa chao. Kwetu tunajua maana yake. Watu wakikataa chakula chako cha msibani, hapo hakuna tena ujirani. Ndani ya nyumba mzimu unanenepa na Sethe anakonda, hadi kinaisha cha kutia chunguni. Ndipo Denver, binti mdogo aliyebaki, ambaye kwa miaka hajathubutu kuvuka uzio peke yake, anatoka kwenda kwa mwalimu wake wa zamani kuomba kazi.

Nafikiri hapa ndipo Morrison alipoandika kurasa zake bora kabisa kuhusu uponyaji, na hazina hotuba hata moja. Siku mbili baadaye kunakutwa gunia dogo la maharage meupe kwenye kisiki pembeni mwa ua. Siku nyingine sahani ya nyama ya sungura iliyopoa. Siku nyingine kikapu cha mayai, na kikaratasi chenye jina la aliyeleta, kimeandikwa kwa herufi za kombokombo. Asiyejua kuandika kaweka alama yake. Majina ni ya kumsaidia Denver kurudisha chombo. Na ukirudisha chombo lazima upige hodi, useme asante, ujibiwe. Mwenye bakuli anakumbuka kwamba alimjua bibi yako. Mwingine anakumbuka alikuja pale zamani, alikula. Kwa njia ya bakuli msichana anaingizwa mjini, nyumba moja baada ya nyingine.

Kisha wanakuja wanawake thelathini, wakiongozwa na Ella. Huyu Ella hampendi Sethe, wala hajamsamehe. Ujana wake alifungiwa na baba na mwana weupe, anajua mambo ambayo hayasemeki, na bado anaona Sethe alivuka mpaka. Anakuja kwa sababu nyingine: haoni haki makosa ya jana yaje kukaa nyumbani kwa mtu leo, yale, yalale. Mzimu ukikaa upande wake atauvumilia, ukivamia upande wa walio hai huo ni uvamizi. Basi. Kati ya wanawake hao wengine wana hirizi mfukoni, wengine wana imani ya Kikristo, wengi wana vyote viwili. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Wanapofika uani wanajiona wenyewe wakiwa vijana, wamekaa kwenye nyasi, wanakula karamu ile. Halafu wanaimba.

Kiswahili kinatuwezesha kuyasema haya kwa neno moja lenye pande mbili. Aliyenusurika ajalini tunasema kapona, na aliyetoka malaria tunasema kapona. Sethe alipona utumwani miaka kumi na minane kabla ya kupona utumwa. Kile cha kwanza alikifanya mwenyewe, kwa miguu, akiwa na mimba kubwa. Cha pili kilihitaji wanawake thelathini ambao yeye hakuwaita na wao hawakumpenda.

Paule Marshall anasemwa kidogo mno, na mimi nitamwonea pia kwa kumpa nafasi fupi. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1929 kwa wazazi kutoka Barbados. Praisesong for the Widow, ya 1983, inamfuata Avey Johnson, mjane wa makamo aliyefaulu maisha, mwenye masanduku sita kwenye meli ya kitalii. Usiku mmoja anafunga mizigo na kushuka Grenada bila kujua kwa nini. Mzee mmoja mchechemeaji, Lebert Joseph, anamvuta hadi kisiwa cha Carriacou, ambako kila mwaka watu hucheza ngoma ya mababu zao kwa zamu: kwanza wimbo wa kuomba radhi kwa wazee waliotangulia, kisha kila kabila na ngoma yake. Mashuani Avey anatapika na kujichafua, huku vikongwe wasiomjua wamemshika huku na huku. Waliowahi kuvuka Mkondo wa Pemba siku ya upepo wataelewa. Marshall lakini anataka tukumbuke mashua nyingine, zile za karne zilizopita. Kesho yake binti wa mzee anamwogesha na kumkanda mwili mzima, kiungo kwa kiungo, kama somo anavyomsinga mwari.

Kilichonikwaza ni swali la mzee. Anamuuliza Avey: wewe kabila gani? Na kwa kuwa Avey hana jibu, msomaji anatarajiwa kusikitika pamoja naye. Mimi nilishtuka. Katika eneo letu swali hilo limeulizwa vizuizini Rwanda mwaka 1994, na barabarani katika Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, na lililofuata jibu lilikuwa panga. Mtu aliyenyang'anywa kabila na meli ya watumwa analitafuta kama dawa. Mtu aliyetakiwa kuonyesha kabila kwenye kitambulisho hana hamu hiyo. Hatuwezi kuisoma riwaya hii kana kwamba sisi ndio ile Afrika inayongojewa mwisho wa safari, tumekaa na majibu.

Marshall mwenyewe, nadhani, alikuwa na tahadhari. Zamu za makabila zikiisha huja ngoma za wote, na hapo ndipo Avey anapoingia. Miguu yake inatambua mwendo. Ni mwendo wa kuburuza nyayo, bila kuinua mguu, aliouona utotoni kwa wazee wa kisiwa kimoja cha Carolina Kusini alikopelekwa kila likizo kwa shangazi ya baba yake, Cuney. Bibi huyo ndiye aliyemsimulia habari za Waigbo walioshushwa melini, wakaitazama nchi, wakageuka na kurudi kwao wakitembea juu ya maji. Tukio lenye mzizi wa kweli, Georgia, mwaka 1803. Mtoto Avey akauliza mbona hawakuzama? Bibi akamuuliza kama kitabu chake cha shule ya Jumapili kinasema Yesu alizama. Kwa hiyo alichopewa Avey Carriacou hakikuwa kabila. Alirudishiwa mwendo aliokuwa nao toka mwanzo, akaacha kuutembea alipohamia mtaa wa wenye nafasi. Watu wakimuuliza jina analitaja lote, Avatara, alilopewa na bibi yule.

Waandishi hawa hawakuwa visiwa. Morrison alikuwa mhariri katika kampuni ya Random House, na ndiye aliyepitia maandishi ya Bambara. Mwaka 1977 baadhi ya waandishi wanawake Weusi, Morrison, Alice Walker, June Jordan na Ntozake Shange wakiwemo, walianza kukutana New York kusomana na kusukumana mbele. Bambara alipofariki mwaka 1995 aliacha rundo la mswada wa riwaya juu ya watoto waliouawa Atlanta. Morrison alikaa nao, akaupunguza, ukachapishwa 1999. Kazi ya kurudisha bakuli la mwenzako akiwa hayupo.

Na kwetu? Kati ya kitabu cha Bambara na cha Marshall, mwaka 1982, Penina Muhando alichapisha Dar es Salaam tamthilia ya Nguzo Mama. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Kila mmoja anashika kamba, kila mmoja ana lake: huyu mume mlevi, huyu urithi umechukuliwa na ndugu wa mume, huyu ana mwenzake anayemsema pembeni. Nguzo haisimami. Wapo wanaoiona tamthilia hiyo kuwa ya kukatisha tamaa, na wanafunzi wengi wameijibia mtihani kwa kuorodhesha "matatizo ya mwanamke". Mimi naiona kama nusu ya kwanza ya Beloved: asubuhi ya baada ya karamu, imeandikwa bila huruma na mtu anayewajua watu wake. Nusu ya pili, ile ya kisiki na bakuli, nimeitafuta katika riwaya zetu na bado naitafuta.

Mali ya kuiandika nusu hiyo tunayo. Kwetu, kabla ya msiba au arusi, wanawake hupindua sahani na masufuria yao na kutia alama chini kwa rangi ya kucha: nukta mbili, herufi, ua. Vyombo vinachanganyika, vinaoshwa na mikono ya watu usiowajua, na siku tatu baadaye mtoto anatumwa nyumba kwa nyumba, sufuria kichwani, kuuliza yenye nukta mbili nyekundu ni ya nani.